Kabla ya kusema mtoto ameshindwa, tuulize alicheza na mashini gani

Leo naacha kwanza habari ya bei ya unga na habari ya maji. Nataka tuongee juu ya sataranji, mchezo ambao vijana wetu wanauita esheki, na juu ya mashini zinazoucheza. Usiondoke, mama. Usizime redio, papa. Ni habari ya watoto wetu na namna tunavyowapima.

Kisa ni hiki. Kikundi kimoja cha vijana wa hapa kilitangaza mafunzo ya bure ya esheki wakati wa likizo. Jina lake ninaliacha, maana ni watu wa nia njema na tunaonana kila siku. Watoto waliotaka kuingia walikuwa wengi, mbao za kuchezea chache, mwalimu mmoja. Ikabidi kuchagua. Wakatunga sheria iliyoonekana rahisi: kila mtoto acheze mchezo mmoja na programu ya esheki, kiwango cha tano. Atakayeishinda, au atakayefikisha hatua thelathini bila mfalme wake kufungwa, anaingia. Mwenye simu nyumbani acheze kwenye simu hiyo mbele ya mtu mzima. Asiye na simu aje siku ya posho, baada ya salongo, acheze kwenye kompyuta ya kikundi.

Kwa kusikia, sheria ile ni ya wema. Hata asiye na simu alitafutiwa njia. Lakini majibu yalipobandikwa ukutani, karibu majina yote yalikuwa ya watoto wa nyumba zenye simu. Watoto wa jamaa zilizokimbia vita walianguka karibu wote. Hao ndio waliokaa kambini hapa petu mpaka kambi zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, na ambao wazazi wao hawakuweza kurudi walikotoka, leo wanalala kwa wenyeji au katika chumba kimoja cha mbao. Nikasikia mtu anasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua itanyesha: "Hawa wa kambi, kichwa yao imechoka."

Mtoto mmoja wa miaka kumi na moja, mzaliwa wa Masisi, alinifuata mpaka njiani. Alikuwa anapiga jiwe la volkano kwa mguu. Akaniambia: "Yaya, ile mashini ilinifunga mbio mbio. Basi mimi sina kichwa ya esheki. Nitaacha."

Sikumjibu palepale. Nilienda kwanza kuangalia ile mashini.

Programu inatafuta, haifanyi uchawi

Ili tuelewane, lazima niseme kidogo namna programu ya esheki inavyofanya kazi. Si jambo gumu. Programu inafanya kazi moja kubwa, nayo ni kutafuta. Inajiuliza: nikisogeza farasi hapa, mwenzangu atajibu nini? Akijibu hivi, mimi nitafanya nini? Tuseme kila mara kuna hatua 30 zinazowezekana. Hatua yako na jibu la mwenzako tayari ni mikao 900. Hatua nne ni mikao 810,000. Hatua sita ni zaidi ya milioni 700. Programu nzuri inajua kuacha njia zisizo na maana, kama mtu anayejua Goma asivyoanza kutafuta soko la Virunga akiwa anaelekea ziwani. Hata hivyo kazi inabaki kubwa, na inategemea vitu vitatu ambavyo havimo ndani ya programu yenyewe.

Cha kwanza ni mwendo wa mashini. Programu ileile, ikiwa ndani ya mashini yenye mbio, inachunguza mikao mingi zaidi kwa sekunde, kwa hiyo inaona mbali zaidi. Fikiria vijana wawili wenye nguvu sawa wanashuka na chukudu kutoka Sake. Mmoja amebeba magunia ya makala, mwingine chukudu yake ni tupu. Atakayefika kwanza tunamjua, na hatusemi kwamba yule wa makala hajui kuendesha.

Cha pili ni muda. Ukiipa programu sekunde kumi inaona zaidi kuliko ukiipa moja. Na sekunde kumi za simu nzee si sawa na sekunde kumi za kompyuta mpya, ingawa saa ya ukutani inasema ni zilezile.

Cha tatu ni kumbukumbu, na hapa naomba tusimame kidogo. Katika esheki unaweza kufika kwenye mkao uleule kwa njia nyingi. Unaweza kutoa farasi kwanza kisha askari, au askari kwanza kisha farasi. Mwishoni ubao ni uleule. Ni kama vichochoro vyetu vya Mugunga: njia mbili, tatu, zote zinakutoa kwenye bomba lilelile la maji. Mtu mwenye akili akishaona kwamba bomba halitoi maji leo, haendi kuliangalia tena kwa kupitia njia ya pili. Anakumbuka. Programu nayo ina daftari. Kila mkao iliouchunguza inauandika humo pamoja na jibu lake, ili ukirudi kwa njia nyingine isianze upya. Daftari hilo mafundi wanaliita heshi, na ukubwa wake unapangwa na mwenye mashini, kwa megabaiti.

Daftari likiwa dogo linajaa. Likijaa, programu inafuta maandishi ya zamani ili iandike mapya. Kisha inakutana tena na mkao iliokwisha kuuchunguza, haukumbuki, inaanza tena. Akili yake ni ileile, lakini nguvu inapotea katika kurudia kazi.

Tufanye hesabu kidogo. Stockfish ni programu ya bure inayojulikana kuliko zote. Ilianzishwa mwaka 2008 na Marco Costalba wa Italia, juu ya programu ya Tord Romstad wa Norwe, na hata simu ya kawaida inaweza kuibeba. Ukiiweka bila kugusa kitu, daftari lake ni megabaiti 16. Ndani yake inaingia mikao kama milioni moja na nusu. Ikiwa simu inachunguza mikao laki tatu kwa sekunde, hata kama kila mkao ni mpya, daftari linaweza kujaa ndani ya sekunde tano hivi. Kwa mchezo wa haraka si tatizo kubwa. Kwa kufikiri dakika moja kwa kila hatua, ni tatizo.

Lakini asije mtu kusema: basi nijaze, niipe kumbukumbu yote ya simu. Hapana. Simu nayo inahitaji kumbukumbu ya kuishi. Ukiipa programu zaidi ya ile iliyopo, simu inaanza kusota, au inaifunga programu katikati ya mchezo. Nusu ya kumbukumbu iliyo wazi ni mwisho, na mara nyingi hata chini ya hapo inatosha.

Nilichokiona ndani ya kompyuta ya kikundi

Sasa turudi kwetu. Nilipoomba kuangalia kompyuta ya kikundi, vijana walinifungulia bila kuficha kitu. Tukaangalia pamoja, na mmoja wao akashika kichwa.

Katika programu waliyotumia, kiwango maana yake ni sekunde za kufikiri tu. Kiwango cha tano cha simu na kiwango cha tano cha kompyuta vina jina moja, lakini havina nguvu moja. Kompyuta ile ilikuwa imechomekwa kwenye jenereta, inakimbia kwa nguvu zake zote. Mwenye nayo huitumia usiku kuchunguza michezo yake mwenyewe, kwa hiyo alikuwa ameipangia vipande vyote vya prosesa vifanye kazi pamoja, na daftari kubwa. Simu za watoto wengine zilikuwa nzee, zinatumia kipande kimoja cha prosesa, daftari dogo. Na nyingi, kama tunavyojua sisi tunaopanga foleni ya kuchaji, zilikuwa na chaji kidogo. Simu ikifika hapo inajipunguzia mwendo ili isizimike.

Kuna jambo la pili, dogo zaidi, lakini linafundisha. Daftari la kompyuta halikufutwa kati ya mtoto na mtoto. Watoto wetu wengi wanafungua mchezo kwa namna ileile, maana wamefundishana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo mashini ilipofika kwa mtoto wa saba, hatua za kwanza ilikuwa imekwisha kuzichunguza kwa wale sita waliotangulia na majibu yalikuwa bado yameandikwa. Sisemi kwamba hilo peke yake lilimwangusha mtu. Kwa kufikiri kwa sekunde chache, mwendo wa prosesa unapita daftari kwa uzito. Lakini lilikwenda upande uleule, dhidi ya watoto walewale.

Tazama basi tulichokifanya bila kujua. Mtoto mwenye simu nyumbani alipewa mpinzani aliyechoka. Mtoto asiye na simu, yule aliyefika kwetu na godoro moja kichwani, alipewa mpinzani mwenye nguvu kuliko wote katika mtaa. Mama wa yule mtoto wa Masisi nilipomweleza hakuhitaji maneno mengi. Alisema: "Kumbe mtoto wangu alipigana na simba, wenzake walipigana na paka?"

Ndiyo, mama. Na karatasi ya ukutani haikuandika simba wala paka. Iliandika tu: ameshindwa.

Hata wakubwa wa dunia walipitia hapo

Vijana wetu wasione haya sana. Kosa hili lilizua mabishano hata kati ya wataalamu wakubwa.

Mwezi wa Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London, iliyo chini ya Google, ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imejifundisha esheki kwa kucheza yenyewe na yenyewe, kisha ikacheza michezo 100 na Stockfish. AlphaZero ilishinda 28, sare 72, haikushindwa hata mmoja. Magazeti yakapiga kelele dunia nzima.

Lakini wanaojua mashini waliuliza swali moja: Stockfish ilipewa nini? Jibu lilikuwa kwenye karatasi ya watafiti wenyewe. Stockfish ilipewa nyuzi 64 za kazi kwa wakati mmoja, ikichunguza mikao kama milioni 70 kwa sekunde. Daftari lake lilikuwa gigabaiti moja tu. Na muda ulikuwa dakika moja kwa kila hatua, hatua rahisi na hatua ngumu sawasawa, ingawa Stockfish imetengenezwa ijue yenyewe wapi ikimbie na wapi ikae kufikiri.

Fanya hesabu pamoja nami. Milioni 70 mara sekunde 60 ni mikao bilioni 4 na zaidi kwa hatua moja. Daftari la gigabaiti moja linaingiza mikao kama milioni 100. Ni kama kumpa karani daftari la kurasa kumi, halafu umwambie aandikishe jamaa zote za Masisi na Rutshuru. Tord Romstad, mmoja wa waliotengeneza Stockfish, alilalamika juu ya mambo hayo: muda uliofungwa, daftari dogo kwa nyuzi nyingi vile, na toleo la programu ambalo tayari lilikuwa na mdogo wake mwenye nguvu zaidi.

Hapa ndipo ninapowaheshimu wale watafiti. Walirudi wakapima upya. Mwezi wa Desemba 2018, katika jarida la Science, walitoa matokeo ya michezo 1,000. Safari hii Stockfish ilipewa daftari la gigabaiti 32, na saa tatu za mchezo pamoja na sekunde 15 za nyongeza kwa kila hatua, igawe muda wake yenyewe. AlphaZero ilishinda 155, ikashindwa 6, sare 839.

Soma namba hizo polepole. Ukihesabu sare kuwa nusu pointi, mara ya kwanza AlphaZero ilipata pointi 64 kwa 100. Mara ya pili, karibu 57 na nusu kwa 100. Pengo lilipungua, na programu ambayo haikushinda hata mara moja ilipata ushindi wake. Hatuwezi kusema daftari peke yake lilifanya hivyo, maana mambo kadhaa yalibadilishwa kwa pamoja. Lakini tunaweza kusema namba ya kwanza ilikuwa imechanganya mambo mawili: uhodari wa wachezaji, na namna chumba kilivyopangwa.

Na tuseme ukweli wote. AlphaZero ilishinda tena. Kupima kwa haki hakukuleta mshindi mwingine. Kulileta ushindi ambao watu wanaweza kuuamini. Ninalisisitiza hilo kwa sababu najua kuna wazazi wanaofikiri naomba watoto wa wakimbizi wapewe nafasi kwa huruma. Siombi huruma. Wakipimwa sawasawa, wengine wataingia na wengine wataanguka. Atakayeanguka hapo ataanguka akijua alicheza na mashini ileile ya mwenzake.

Mashini inapewa maelfu, mtoto anapewa mmoja

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa watu wa Stockfish. Tangu 2013 wana utaratibu wao: mtu akitaka kubadilisha kitu kidogo katika programu, hakubaliwi kwa maneno yake wala kwa mchezo mmoja uliopendeza. Toleo jipya na la zamani vinachezeshwa maelfu ya michezo kwenye kompyuta za watu wanaojitolea duniani kote. Pande zote mbili zinapewa kumbukumbu sawa na saa sawa. Kila ufunguzi unachezwa mara mbili, kila upande ushike weupe na weusi, kwa sababu mwenye weupe anaanza na kuanza ni faida.

Programu isiyohisi njaa inapewa maelfu ya michezo kabla ya kuambiwa haifai. Mtoto wetu alipewa mmoja.

Katwe, kule Kampala, kuna somo jingine. Phiona Mutesi alikuwa mtoto wa mtaa wa mabanda. Alimfuata kaka yake kwenye mafunzo ya Robert Katende, na kilichomvuta kwanza kilikuwa uji uliogawiwa pale. Baadaye aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na dunia ikamjua. Siku ya kwanza hakuwa bingwa. Kama pale mlangoni angeambiwa acheze mchezo mmoja na kompyuta yenye nguvu kuliko zote za mtaa, angerudi nyumbani bila uji na bila esheki.

Watu wa hapa wanajua kipimo cha haki kinavyokuwa. Kila mama aliyepita kituo cha afya anakumbuka ule utepe wa rangi tatu unaofungwa kwenye mkono wa mtoto. Nyekundu ni chini ya milimita 115, njano mpaka 125, kijani kuanzia hapo. Utepe wa mtoto wa mwenyeji na utepe wa mtoto wa Masisi ni mmoja. Hakuna muuguzi anayeleta utepe mrefu kwa huyu na mfupi kwa yule. Sokoni vilevile, mama akigundua kwamba gigozi ya maharage imepondwa chini, hanunui tena pale. Sisi ni watu tunaojua vipimo. Kwa nini kwenye mashini tunakubali tu, kwa sababu ni mashini?

Nimeambiwa: watu hawajala, wewe unaandika juu ya esheki? Nalielewa neno hilo. Lakini mtoto aliyekimbia mara mbili, aliyepoteza karatasi za shule njiani, anapimwa kila siku: kwenye orodha ya msaada, kwenye darasa jipya, kwenye lugha ya mtaa mpya. Akiambiwa mara nyingi kwamba ameshindwa, bila kuambiwa kipimo kilikuwa kipi, mwishowe anaamini. Esheki ni mchezo mdogo, na kwa sababu ni mdogo tunaweza kuutengeneza wiki hii, bila kungoja serikali wala shirika lolote.

Na kuna uchungu mwingine ambao watu wa Rubaya watauelewa kuliko mimi. Koltani inayotoka kwenye vilima vile vya Masisi hutoa tantali, madini yanayoingia katika vipande vidogo vya umeme ndani ya simu na kompyuta. Mtoto aliyekimbia kutoka upande ule alikuja hapa bila simu, akakaa mbele ya kompyuta ya watu, akaambiwa hana kichwa.

Ninachoomba

Ninaomba kikundi chetu kipime upya. Walioingia tayari wasitolewe. Kosa si lao. Lakini wote walioanguka waitwe tena, na utaratibu uwe hivi.

Mashini iwe moja kwa watoto wote, mwenye simu na asiye nayo. Ikiwa hilo haliwezekani, msitumie sekunde. Tumieni kina, yaani idadi ya hatua ambazo programu inaruhusiwa kutazama mbele. Programu iliyofungiwa hatua nne itatazama hatua nne kwenye simu nzee na hatua nne kwenye kompyuta mpya. Itachukua muda tofauti, lakini nguvu itakaribiana. Programu iwe ileile na toleo lilelile, maana kiwango cha tano cha programu moja si kiwango cha tano cha nyingine.

Kipande cha prosesa kiwe kimoja tu. Daftari liwe megabaiti 16 kwa wote, lifutwe kabla ya kila mchezo. Simu au kompyuta iwe na chaji ya kutosha, na hali ya kuokoa chaji izimwe.

Kila mtoto acheze michezo miwili kwa uchache, mmoja kwa weupe, mmoja kwa weusi. Mkiweza, minne.

Na jambo ambalo ni muhimu kuliko yote: karatasi ya ukutani iandike masharti kabla ya majina. Mashini gani, programu gani, kina gani, daftari kiasi gani, michezo mingapi. Iandikwe kwa Kiswahili, ili hata mama asiyejua kompyuta aulize. Matokeo yasiyo na masharti yake ni uvumi, na Goma tumekula uvumi wa kutosha.

Kwa vijana wanaochezesha simu mbili zishindane jioni pale kwenye nyumba za kuchajia, huku watu wakishangilia: fanyeni vilevile. Kabla ya kucheka programu ya mwenzako, mwulize amepanga kumbukumbu kiasi gani na chaji yake ni ngapi. Utashangaa mara ngapi mshindi ni betri.

Nilipowaeleza vijana wa kikundi, walisikiliza. Mwenye kompyuta alisema ataipanga upya mwenyewe, na siku ya posho ijayo wanaweza kuanza. Nimewaambia nitakuja kushuhudia, na nitaandika hapa nitakachokiona, kiwe kitamu au kichungu.

Yule mtoto nilimtafuta siku iliyofuata. Nilimkuta anacheza na rafiki yake kwenye ubao waliouchora juu ya katoni, vifuniko vya chupa ndio askari, jiwe jeusi ndilo mfalme. Nikamweleza habari ya simba na paka, maneno ya mama yake. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa yaya, siku ya posho nitapigana na nani?"

Nikamjibu: na yuleyule watakayepigana naye wote.

Akarudi kwenye katoni yake. Ilikuwa zamu yake kucheza.